Kijana alibofya Windows 11, kompyuta ikagoma: nirudije Windows 10 bila kupoteza picha za marehemu mama?

“Habari za kazi, fundi. Niko Morogoro, nina laptopu ya HP ya mtumba, Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500. Jumamosi iliyopita kijana wangu wa kidato cha tatu alibofya ule ujumbe wa kupandisha Windows 11. Tangu siku hiyo kuwaka tu ni dakika kumi, na printa imegoma kabisa. Fundi wa hapa mtaani anasema atanipigia Windows 10, au hata Windows 7 ambayo ni nyepesi zaidi, ila kila kitu kitafutika. Humo ndani kuna picha zote za marehemu mama yangu na hesabu za kikoba chetu tangu tulipoanza. Je, naweza kurudi nyuma bila kupoteza vitu vyangu? Na ni salama?”

Dada yangu, pole na msiba na pole na usumbufu. Kwanza kabisa, kompyuta isitoke nyumbani leo. Usimpe fundi, wala usimwache kijana aanze “kuisafisha” ili iwe nyepesi. Swali lako limenifikia Jumatano, siku ya nne tangu mpandishe, na hiyo ni bahati, kwa sababu mlango wa kurudi bado uko wazi. Ndiyo, unaweza kurudi Windows 10 bila kufuta picha hata moja. Lakini kuna kazi ya kufanya kabla hujagusa kitufe cha kurudi, na kazi hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu, maana kurudi kwenyewe ni jambo la kubofya mara tano au sita.

Windows inapopanda toleo haiitupi ile ya zamani. Inaikusanya na kuiweka kwenye folda moja ndani ya diski C, jina lake Windows.old, kama mtu aliyehamia chumba kipya akaacha vyombo vyake vya zamani stoo. Folda hiyo inaweza kufika GB 20 au zaidi. Inakaa siku 10, halafu Windows inaifuta yenyewe ili kurudisha nafasi. Kwa hesabu ya Jumamosi yako, siku hizo zinaisha Jumanne ijayo. Ila si muda peke yake unaoweza kuiondoa. Mtu akifungua programu ya kusafisha diski akaweka tiki kwenye mstari unaosema “Previous Windows installation(s)”, stoo inabomolewa papo hapo, na hakuna kitufe cha kuijenga upya. Nimeona vijana wengi wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, wameona mstari wenye GB nyingi wakafurahi. Mwambie wa kwako leo hii.

Sasa tuongeze siku. Watu wengi hawajui kwamba zile 10 zinaweza kusogezwa mpaka 60, mradi ufanye hivyo kabla hazijaisha. Bofya kitufe cha kulia cha panya juu ya alama ya Start, chagua Terminal ile yenye neno Admin, kubali ikikuuliza ruhusa. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika mstari huu kama ulivyo, na nafasi zake:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Bonyeza Enter. Ukijibiwa kwamba kazi imekamilika salama, hakikisha kwa kuandika mstari wa pili:

DISM /Online /Get-OSUninstallWindow

Utaona namba 60. Basi, umeshanunua muda, na haujakugharimu hata bando. Kuanzia hapa hakuna haja ya haraka, na katika kazi hii haraka ndiyo inayopoteza vitu vya watu kuliko Windows yoyote.

Kazi ya pili ni nakala. Najua utasema umesoma mahali kwamba kurudi nyuma hakufuti mafaili binafsi. Ni kweli. Windows ikirudi inaacha picha, hati na nyimbo zako, hata zile ulizoweka baada ya kupanda. Inachoondoa ni programu na draiva (viprogramu vinavyoiwezesha Windows kuendesha vifaa kama printa) zilizowekwa baada ya Jumamosi, pamoja na mipangilio uliyobadilisha. Lakini hayo ni maelezo ya mambo yakienda sawa. Diski yako ni ya kuzunguka, ile ya kawaida yenye sahani zinazozunguka ndani, imetoka kwenye kompyuta ya mtumba, na hatujui imezunguka miaka mingapi kabla haijafika Morogoro. Kurudi nyuma kunaifanyisha kazi nzito, kusoma na kuandika mfululizo, na diski iliyochoka huwa inafia kwenye kazi ya namna hiyo. Picha za mama hazipigwi tena. Zisikae mahali pamoja tu, hata kama leo ungeamua kubaki na Windows 11 hiyo hiyo.

Tafuta diski ya nje kutoka kwa mtu unayemwamini au duka lenye risiti. Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu jambo hili limeliza watu. Masokoni kuna flashi zinazoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya soda chache. Nyingi ni feki. Ndani yake kuna GB chache tu, na kifaa kimedanganywa kiseme kina nafasi kubwa. Ukinakili picha zako, majina yote yanaonekana, ukubwa unaonekana, hakuna onyo lolote. Nafasi ya kweli ikijaa, kifaa kinaendelea kuandika juu ya kile kilichokwisha kuandikwa. Siku ukifungua, picha za mwanzo zinafunguka nusu, au hazifunguki kabisa. Aliwahi kuniletea mteja mmoja flashi ya namna hiyo yenye picha za harusi yake, na wakati huo kompyuta ilikuwa imeshapigwa Windows upya. Tulipata picha chache sana. Ipo programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inajaza kifaa chote halafu inasoma tena kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, hata usiku mzima kwa diski kubwa, lakini ikimaliza bila kosa unajua ulichonunua. Iendeshe kabla hujaweka kitu humo.

Ukiwa na diski ya kuaminika, fungua diski C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako. Nakili folda za Pictures, Documents, Desktop, Downloads na Videos. Nakili folda zenyewe, wala si zile alama za mkato zenye mshale mdogo pembeni, maana kuzinakili hizo ni kubeba kibao cha barabarani ukaacha mji. Kama kijana aliwahi kuweka vitu kwenye diski D au moja kwa moja kwenye C, pitia huko pia.

Halafu kuna mtego wa OneDrive. Kompyuta nyingi zilizounganishwa na akaunti ya Microsoft huhamisha folda za Desktop na Documents kwenda OneDrive bila mwenyewe kutambua. Angalia alama pembeni ya kila faili. Tiki ya kijani maana yake faili liko ndani ya kompyuta. Wingu la bluu maana yake ulionalo ni jina tu, na faili lenyewe liko kwenye intaneti. Ukikuta wingu kwenye mafaili ya kikoba, bofya kulia juu ya folda, chagua “Always keep on this device”, usubiri yashuke yote ndipo unakili. Hakikisha bando linatosha, la sivyo utanakili majina matupu.

Ukimaliza kunakili, kagua hivi. Bofya kulia folda ya Pictures iliyoko kwenye kompyuta, chagua Properties, andika kwenye karatasi idadi ya mafaili na ukubwa wake. Fanya vivyo hivyo kwa folda iliyoko kwenye diski ya nje. Kama huku ni picha 3,412 na kule ni 3,398, kuna 14 zimebaki njiani na lazima uzitafute. Namba zikilingana, chomoa diski kwa utaratibu, ipeleke kwenye kompyuta ya jirani au ya ofisini, ufungue picha kumi hivi: za mwanzo, za katikati, za mwisho. Fungua na kitabu cha kikoba, uangalie kama jumla ya mwezi uliopita ndiyo ile mnayoijua. Nakala ambayo haijafunguliwa kwenye mashine nyingine mimi siihesabu kuwa nakala.

Hesabu za kikoba ni fedha za watu, kwa hiyo ziwe na nakala ya tatu. Mafaili ya Excel ni madogo, yatume kwenye barua pepe yako mwenyewe au yaweke Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure. Picha za mama, zile mnazozipenda zaidi familia nzima, ziweke huko pia kama bando linaruhusu. Mengine ya kukumbuka ni machache: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na leseni ya programu yoyote ya uhasibu uliyolipia.

Kabla ya kurudi, angalia kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau mpaka siku ya kilio. Diski yako inaweza kuwa imefungwa kwa usimbaji (BitLocker au “Device encryption”), yaani mafaili yamegeuzwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Fungua tena Terminal ya Admin, andika manage-bde -status, Enter. Tafuta mstari unaohusu “Protection Status”. Ukisema Off, endelea bila wasiwasi. Ukisema On, basi kuna ufunguo wa tarakimu 48 unaoweza kuulizwa kompyuta ikiwaka baada ya mabadiliko makubwa, na asiye nao hapiti, hata awe nani. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta, kwenye ukurasa wa account.microsoft.com/devices/recoverykey. Swali ni akaunti ya nani. Laptopu za mtumba mara nyingi huanzishwa na muuzaji au fundi kwa barua pepe yake mwenyewe, na ufunguo wako ukabaki kwake. Ukiupata, uandike kwenye karatasi na uuweke na vyeti vyako. Usipoupata, usirudi nyuma na usiguse mipangilio ya BIOS, ile inayosimamia kompyuta kabla Windows haijawaka. Kwanza zima usimbaji wenyewe kwenye mipangilio wakati kompyuta bado inafunguka, usubiri umalize kufungua diski yote. Kwa diski ya kuzunguka hiyo ni kazi ya masaa.

Sasa umeme. Chomoa chaja uone betri inashika muda gani. Betri za mtumba nyingine zinaonyesha asilimia 90 halafu zinazima baada ya dakika tano. Kama yako haifiki saa moja, fanyia kazi hii mahali penye UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, au chagua saa ambayo umeme wa mtaani kwenu haukatiki hovyo. Chaja ibaki imechomekwa muda wote. Kukatika kwa umeme katikati ya kurudi nyuma ni moja ya njia chache za kuigeuza kazi rahisi kuwa kazi ngumu.

Kumbuka pia nywila uliyokuwa ukitumia kufungua Windows 10. Kama uliibadilisha baada ya kupanda, ile ya zamani ndiyo itakayotakiwa. Na kama mmeongeza mtumiaji mpya tangu Jumamosi, mwondoeni kwanza, ila nakilini vitu vyake kabla.

Hapo ndipo unaingia Settings, System, Recovery, na kubofya “Go back”. Itakuuliza sababu ya kurudi, chagua yoyote. Itakushawishi kwanza utafute masasisho, kataa. Itakuonya kuhusu programu zitakazoondoka, na kuhusu ile nywila niliyoitaja. Ukikubali mara ya mwisho, kompyuta itazima na kuwaka, itaonyesha kwamba inarudisha toleo la awali, itazima tena. Kwa diski ya kuzunguka tegemea saa moja, pengine zaidi. Kuna wakati skrini itakuwa nyeusi na utadhani imekufa. Usishike kitufe cha kuwashia. Angalia kile kitaa kidogo cha diski pembeni ya kompyuta. Maadamu kinamweka, kazi inaendelea. Nenda kapike, urudi.

Ikiwa kitufe hicho hakibofyeki, au unaambiwa chaguo hilo halipatikani tena, maana yake Windows.old imeshaondoka au ina hitilafu. Hapo njia iliyobaki ni kupiga Windows upya, na fundi wako amesema kweli kwamba njia hiyo kwa kawaida inafuta. Lakini hata hiyo ina namna ya kufanywa bila roho juu juu, na namna hiyo naipenda kuliko zote: usifute diski ya zamani kabisa. Nunua diski mpya ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, GB 240 au 256 inatosha, fundi aichomoe ile ya kuzunguka, aweke hiyo mpya, apige Windows 10 humo. Diski ya zamani inabaki mzima mzima, na Windows yake na picha zake, ndani ya bahasha kabatini. Ikiharibika kazi mpya, unairudisha ya zamani na kompyuta inakuwa kama ilivyokuwa asubuhi. Baadaye unainunulia kasha la USB na inakuwa diski yako ya nje. Kama ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, zile tarakimu 48 utazihitaji hapo pia.

Fundi akikubali kufanya hivyo, mambo machache umsimamie bila kuona aibu, maana kompyuta ni yako. Faili la Windows 10 lipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, kwa kile chombo chao cha kutengenezea flashi. Linazidi GB 4, na flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Flashi isiwe na kitu cha thamani, kwa sababu itafutwa. Kabla ya kuchomoa diski ya zamani, muombe atoe nakala ya draiva kwa amri ya pnputil /export-driver * ikifuatiwa na jina la folda kwenye diski ya nje. Folda hiyo ndiyo akiba yake kompyuta ikiwaka bila sauti wala waifai, ingawa kwa waifai na printa ningeshauri pia apakue mapema draiva za Windows 10 za modeli yako kwenye tovuti za HP na za mtengenezaji wa printa. Kwenye HP mnabonyeza Esc mara tu kompyuta inapowaka, halafu F9 kuchagua flashi. Ikifika kuulizwa namba ya leseni, mchague kwamba hamna. Leseni halali iliyokuwa kwenye mashine hiyo imefungamana na bodi yake, na Windows 10 na 11 zinatumia haki ile ile, kwa hiyo ikiunganishwa na intaneti itajitambua yenyewe, mradi toleo liwe lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Litazame sasa hivi kwenye Settings, System, About, uliandike.

Na asibadilishe BIOS kwenda Legacy, ule utaratibu wa zamani wa kuwasha kompyuta. Windows 10 inakaa vizuri kabisa kwenye UEFI, utaratibu wa kisasa, na ulinzi wake wa Secure Boot ukiwa umewashwa. Nasisitiza kwa sababu najua kinachofuata. Fundi akihamishia Legacy, Windows inakataa kukaa kwenye diski ikisema mpangilio wa migawanyo yake ni wa GPT, usiopatana na Legacy, naye kwa kuzoea anaandika amri ya “clean”, ambayo inaondoa migawanyo yote ya diski kwa sekunde moja. Kama ni diski yako ya zamani iliyo humo, picha zimeondoka pamoja na migawanyo. Tatizo halikuwa diski, lilikuwa mpangilio mmoja uliobadilishwa bila sababu.

Kuhusu Windows 7, hapana. Najua ni nyepesi, na mimi mwenyewe niliipenda miaka yake. Lakini Microsoft waliacha kuipa masasisho ya ulinzi tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109 la mwaka 2023. Prosesa ya kizazi cha 8 haikutengenezewa Windows hiyo, hivyo utahangaika na draiva hata kupata USB zifanye kazi. Tena wewe unashika hesabu za kikundi. Virusi vya WannaCry vilipozagaa duniani tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha kuvizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huo. Vilipita kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, vikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Kuweka mfumo usiopata viraka tena ni kuchagua kuwa kwenye kundi lile.

Kwa sababu hiyo hiyo, fundi akikuletea Windows ya kuchakachua, ile inayokuja na kiprogramu cha kuifungua leseni na kukutaka uzime ulinzi kwanza, mrudishie. Huwezi kujua nini kingine kimeingia na kiprogramu hicho, na wewe mwenyewe umekifungulia mlango. Mashine yako inaelekea ina leseni yake halali. Huna sababu ya kuiba ulichonacho.

Sasa niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia. Windows 10 nayo si makazi ya kudumu. Masasisho yake ya kawaida yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa sisi wa majumbani Microsoft wameweka mpango wa nyongeza unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update, kwa akaunti ya Microsoft, na unaweza kuupata bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Lazima uwe na toleo la 22H2, lile la mwisho la Windows 10. Ukisharudi, kujiandikisha huko kuwe jambo la kwanza kufanya kabla hata ya kuhangaika na printa. Na Windows Update ikikuletea tena ule ujumbe wa kupanda, chini yake kuna maneno “Stay on Windows 10 for now”. Bofya hayo, na umwonyeshe kijana.

Kwa hiyo kurudi kwako ni kwa kupumua, na muda huo utumie kuondoa tatizo lenyewe. Nikisoma maelezo yako, RAM GB 4 na diski ya kuzunguka, sioni kosa kubwa la Windows 11. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie safu ya Disk kompyuta ikiwa imekwama. Nina hakika karibu kamili utakuta imefika asilimia 100 wakati prosesa imekaa tu haina kazi. Kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache, ndicho cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali kwa upande wa Intel Core, na i5 yako ni prosesa nzuri bado. Inasubiri diski. Siku za mwanzo baada ya kupanda hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu Windows inapanga orodha ya mafaili yako yote na kushusha masasisho kwa wakati mmoja. Windows 10 itakupa nafuu fulani, lakini hutaona muujiza. SSD ndiyo itakayokushangaza, kuwaka kutoka dakika kumi kwenda chini ya dakika moja, na ukiongeza RAM ifike GB 8 utaidhania kompyuta nyingine.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi: leo naongeza siku ziwe 60, wikiendi hii nakamilisha nakala na kuzikagua, halafu narudi Windows 10 ili printa ifanye kazi na mahesabu ya kikoba yaendelee. Nikipata fedha naweka SSD na RAM. Kisha kabla ya Oktoba 2026 napanda Windows 11 tena kwa hiari yangu, nikiwa na draiva ya printa ya Windows 11 niliyokwisha kuipakua mapema. Kama hutaki kupanda kabisa, Linux Mint 22 ni ya bure, ina masasisho mpaka 2029 na inafungua mafaili ya Excel kwa LibreOffice, ila uijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski, uone kama inaitambua printa yako.

Printa yenyewe, baada ya kurudi, iondoe kwenye orodha ya vifaa, chomoa waya wake, washa kompyuta upya, ndipo uweke draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, na waya uuchomeke pale tu draiva inapokuambia uchomeke. Diski ya nje yenye nakala usiifute wala kuiazimisha kwa mwezi mzima baada ya hapo. Kuna mafaili mtu huyakumbuka wiki ya tatu.

Na ukifika kwenye skrini yoyote isiyofanana na nilivyoieleza, hasa yenye neno “Format”, “Delete” au “Reset”, usibofye kitu. Ipige picha kwa simu, unitumie, uiache kompyuta hapo hapo ikiwa kwenye chaja mpaka nikujibu.